Mnyama Uani Usiku: Kwa Sisi Tuliohamia Marekani

Septemba iliyopita familia moja tunayosali nayo hapa Columbus, Ohio, iliamka alfajiri ikakuta popo anazunguka chumbani walimolala watoto wawili. Baba akafanya kile ambacho mimi mwenyewe ningefanya nilipokuwa mgeni: akachukua ufagio, akafungua dirisha, akamtoa. Wakanywa chai, watu wakaenda kazini na watoto shule. Siku tatu baadaye mtoto mdogo akamsimulia mwalimu wake, mwalimu akamwambia nesi wa shule, nesi akapiga simu nyumbani. Jioni hiyo watoto wote wawili walikuwa hospitali wakichomwa sindano za kichaa cha mbwa, na mama yao amekaa kwenye benchi analia kwa sababu hajui kosa lao ni nini.

Kosa lilikuwa ni kumtoa popo, na ni kosa ambalo hakuna aliyewahi kuwaonya. Ndiyo sababu naanza na popo, ingawa wengi wenu mtakuwa mmefika hapa kwa ajili ya rakuni, yule mnyama wa porini wa huku anayepindua mapipa ya taka.

Kwetu kichaa cha mbwa tunakijua kwa jina lake: kinatoka kwa mbwa. Popo yuko kwenye mwembe, yuko darini, anakula embe lake na kwenda zake. Marekani mambo yako kinyume. Kichaa kinachosambazwa na mbwa kwa mbwa kilitangazwa kumalizwa nchini humu mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya chanjo. Virusi vimebaki kwa wanyama wa porini, yaani popo, rakuni, mbweha na yule kicheche wa huku wanayemwita skanki. Watu wachache wanaokufa kwa ugonjwa huu Marekani, wengi wao huupata kwa popo. Jimbo lisilo na ugonjwa huu ni Hawaii peke yake.

Popo walio wengi ni wazima, na wanatusaidia kwa kula wadudu. Tatizo ni meno yao. Ni madogo mno, kiasi kwamba mtu aliyelala anaweza kuumwa asishtuke, na asubuhi asione alama yoyote kwenye ngozi. Na dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo ukiamka ukakuta popo chumbani ulimolala, au chumba alimokuwa mtoto mchanga, mgonjwa au mtu aliyelewa, usimtoe nje. Toa watu, funga mlango na madirisha, ziba na nguo upenyo ulio chini ya mlango. Msubiri atue ukutani. Vaa glavu nene, mfunike kwa kopo au bakuli, pitisha karatasi ngumu kati ya kopo na ukuta, kisha bandika utepe pande zote. Usimponde kichwa, kwa kuwa kipimo hufanyika kwenye ubongo. Halafu pigia simu idara ya afya ya kaunti yako na useme tu kwamba umekamata popo kwenye chumba cha kulala. Watakuelekeza ampeleke nani na wapi. Kama Kiingereza ni kigumu, omba mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Usione haya kusubiri.

Akipimwa akakutwa hana virusi, mambo yameishia hapo. Lakini akiwa ameshaondoka, daktari hana cha kupima, na mara nyingi atashauri tiba kamili: kingamwili siku ya kwanza, pamoja na chanjo nne, siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 14. Gharama yake huku ni maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Popo aliyefungwa kwenye kopo anaweza kukuokolea pesa ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Hofu ya bili isikufanye ukae nyumbani. Tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura kumpima na kumhudumia mwenye dharura hata kama hana bima wala pesa mfukoni. Na hospitali zisizo za kibiashara, ambazo ni nyingi, zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwafutia bili wenye kipato kidogo. Hawatakuletea fomu hiyo wenyewe kila mara. Iombe. Ukiipata bili kwa posta, piga simu tena uiombe tena.

Popo aliyeingia sebuleni watu wakiwa macho, wakamwona tangu anaingia na hakumgusa yeyote, huyo ni habari nyingine. Zima taa za ndani, fungua mlango wa nje, atatoka. Na kwa jeraha lolote la jino au kucha ya mnyama wa porini, awe popo au mwingine, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla hujaanza kutafuta ufunguo wa gari.

Sasa rakuni. Ni yule mwenye barakoa nyeusi usoni na mkia wa pete, mikono yake kama ya mtoto. Anafungua mifuniko, anafungua komeo la banda la kuku, anapanda bomba la moshi na kuzalia darini. Sisi tunamwalika bila kujua. Nyumbani tulizoea kumwaga makombo nje: ugali uliobaki, mifupa ya samaki, maganda ya ndizi, na kuku wanamaliza. Ukifanya hivyo huku, unaandaa meza ya usiku. Baada ya nyama choma, pangusa mafuta kwenye jiko na uingize ndani kile kibati kinachokinga matone. Chakula cha paka kisilale nje. Pipa litoe asubuhi ya siku ya gari la taka, siyo usiku wake. Kwangu, kubadili hilo tu kulimaliza ugomvi wa mwaka mzima.

Rakuni hujisaidia mahali pamoja, mara nyingi chini ya mti, juu ya paa au kwenye mchanga wa kuchezea watoto. Kinyesi hicho huwa na mayai ya mnyoo ambao mtu akiumeza unaweza kufika kwenye ubongo au macho, na watoto wanaotia mchanga mdomoni ndio walio hatarini zaidi. Mayai huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo safisha mapema, kwa glavu na barakoa. Dawa za kawaida za kusafishia haziyaui. Maji yanayochemka ndiyo huyaua. Sanduku la mchanga lifunike kila jioni.

Kumwona mchana hakumaanishi kwamba ana kichaa, maana mama mwenye watoto hutoka mchana kutafuta chakula. Anayeyumba, anayezunguka mahali pamoja, asiyekuogopa kabisa au anayekujia, ukimwona huyo, mwite mtoto wako aingie ndani na upige simu kwa idara ya mji inayoshughulikia wanyama. Namba 911 iwe ni pale ambapo mtu yuko hatarini.

Walio mashariki ya Ohio na majimbo kadhaa jirani wanaweza kukuta uani kitu kidogo chenye harufu ya samaki. Tangu mwaka 1997 serikali hudondosha huko chambo chenye chanjo, kwa ndege na kwa magari, ili rakuni wakile wapate kinga na ugonjwa usisonge kuelekea magharibi. Mkanye mtoto asikishike. Kikiwa kizima, kisukume kwa glavu hadi kwenye majani, na ukiache kifanye kazi yake.

Skanki ana mistari myeupe mgongoni kama kicheche wa kwetu, na silaha yao ni moja. Kabla ya kurusha anakuonya: anapigapiga miguu ya mbele chini na kuinua mkia. Rudi nyuma taratibu, usipige kelele. Majimaji yake hufika mita tatu hivi. Juisi ya nyanya haiondoi harufu, inaificha tu. Kinachofaa ni dawa aliyoigundua mkemia mmoja wa Illinois mwaka 1993: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bikaboneti ya soda (siyo hamira) na kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo. Mpake mbwa palepale, epuka macho, kaa dakika tano, suuza. Iliyobaki imwage. Ukiifungia kwenye chupa itapasuka.

Oposumu ni yule wa kijivu mwenye mkia mtupu kama wa panya buku, na watu wetu wengi humkimbilia na fimbo kwa sababu ya sura yake. Namwombea msamaha. Ndiye mnyama pekee wa porini Marekani na Kanada anayebeba watoto kwenye mfuko kama kangaruu, kichaa kwake ni nadra sana, na akitishwa huanguka kama mfu. Ukimwona amelala ulimi nje, usimtupe kwenye pipa. Ondoka, atazinduka. Kama kweli amegongwa na gari, huenda kwenye ule mfuko wake mna watoto walio hai. Hapo wapigie walezi wa wanyama wenye leseni ya jimbo.

Mwezi wa tano na wa sita utakuta mtoto wa kulungu amejikunyata kwenye majani, peke yake, ana madoa meupe. Huruma itakuambia umwingize ndani umpe maziwa. Tafadhali usifanye hivyo. Mama yake amemficha hapo makusudi na yuko mbali ili harufu yake isilete adui, atarudi jioni. Viota vya sungura kwenye nyasi ni vivyo hivyo: mama huja alfajiri na magharibi tu, na baada ya wiki tatu hivi watoto wameshaondoka. Angalia nyasi kabla ya kuwasha mashine ya kukatia.

Kulungu hao hao wakikua watamaliza mchicha na sukuma wiki yako kwa usiku mmoja. Nimejaribu sabuni, nywele na chupa zinazong'aa, wamezizoea zote. Uzio ndio jibu, na kwa kulungu uzio wa uhakika ni wa mita 2.4. Kwa kuku, ule waya mwembamba wa matundu makubwa huzuia kuku kutoka tu, rakuni anauchana. Nunua waya mgumu wa matundu ya nusu inchi, ufukie kidogo ardhini, na komeo liwe la hatua mbili.

Kuna jambo la sheria nalisema kwa uzito. Bata bukini wa Kanada wanaotembea kwa makundi kwenye maegesho si wa bure. Wanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918, pamoja na ndege wengi wa asili, mayai yao na viota vyenye mayai. Kutega sungura au kulungu uani bila leseni nako ni kosa. Hata kumkamata rakuni na kwenda kumwachia msitu wa mbali hakuruhusiwi katika majimbo mengi, kwa sababu unaweza kuhamisha ugonjwa. Mwenye karatasi zake za uhamiaji mezani asijitafutie kesi kwa ajili ya kitoweo.

Walio New Jersey, Connecticut au milima ya North Carolina wanaweza kupata dubu mweusi. Usikimbie, usimpe kisogo; simama wima, sema kwa sauti, rudi nyuma polepole, na umwachie njia ya kuondokea. Vyombo vya kulishia ndege viondoe tangu majira ya kuchipua.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Muheza, mwezi wa kwanza, usiku wa tatu akasikia bundi juu ya msonobari wa uani. Hakulala. Asubuhi akaniuliza kwa upole nani nyumbani anaumwa. Sikumbishia. Nilimwambia kwamba Januari na Februari ndiyo miezi ambayo bundi mkubwa mwenye pembe huitana na kutaga huku, theluji ikiwa bado chini, kisha tukavaa makoti tukaenda chini ya mti. Tukaokota vidonge anavyotapika, vya manyoya na mifupa myembamba ya panya. Mama alivipasua kwa kijiti kimoja kimoja, akahesabu mafuvu manne. Siku hiyo hiyo niliondoa sumu ya panya niliyokuwa nimeweka gereji, kwa kuwa bundi akila panya aliyeila, sumu humfika na yeye.