Vidonge vya damu na udongo visikutane tumboni

Wamama wajawazito wa Mbeya na kule Tukuyu mnaopenda kutafuna vile vipande vya udongo vya sokoni, sikuja kuwasema, hamu ya udongo mnaijua nyie wenyewe. Ila watu wanatishana minyoo tu wakati kwa vile vipande vikavu shida kubwa mara nyingi iko kwingine. Utafiti wa Pemba uliotoka 2007 ulipima udongo wanaokula wajawazito na haukukuta minyoo ya kuambukiza humo, kinachosumbua ni madini yenyewe, maana udongo wa mfinyanzi unadaka madini ya chuma tumboni, sasa ukimeza fefo ya kliniki (kile kidonge cha kuongeza damu chenye madini ya chuma) halafu ukashushia na udongo umeitupa hela ya serikali chooni, damu haipandi unabaki unashangaa.

Kwahiyo kama kuacha imeshindikana, basi angalau vitenganishe kwa masaa kadhaa, kidonge umeze na maji au juisi ya chungwa, sio chai (najua Tukuyu kukataa chai ni kesi). Na udongo wa kuchota shambani au kichuguuni achana nao kabisa, huo ndo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, mengine yanakaa ardhini hata miaka hasa kwenye unyevu kama huku kwetu. Minyoo ya safura yenyewe inapenya sana sana miguuni, vaa buti ukienda shamba. Dawa ya minyoo kliniki wanatoa mimba ikishapita miezi mitatu ya mwanzo, we ulizia tu usisubiri waikumbuke.