Kukaanga shayiri kwa mchanga upate unga wa kula bila kupika

Watu wa Tibet, kule milimani Asia, wanaishi juu sana, sehemu nyingi ni mita 3,500 na zaidi, baridi ambayo mahindi yetu hayatoboi, kwa hiyo chakula chao kikuu ni shayiri ya milimani. Wanaikaanga, wanasaga, unga wake unaitwa tsampa. Mi niko Dodoma, natumia shayiri ya kwetu kutoka Karatu na inakubali kabisa.

Kwanza kununua. Chukua ya kula, ukiona punje zina rangi nyekundu au kijani hiyo ni mbegu yenye dawa, achana nayo kabisa.

Pili kukoboa, hapa ndo kuna kazi. Shayiri ya Tibet ganda linaachia lenyewe wakati wa kupura, ila ya kwetu limeng'ang'ania punje. Nyunyizia maji kidogo, acha dakika kumi, twanga kwenye kinu taratibu, pepeta, rudia mpaka makapi yaishe. Halafu anika siku nzima, jua letu hili linatosha, usiwe na haraka maana ikiwa na unyevu inaungua nje ndani bado mbichi.

Tatu mchanga. Ni vilevile bibi zetu wanavyokaanga karanga, na Watibet nao wanatumia mchanga, nilivyojua hilo nilifurahi sana. Chota mchanga wa korongoni, uoshe mpaka maji yawe meupe, ukauke, uuchekeche ubaki ule mwembamba unaopita kwenye chekecheke. Bandika kwenye sufuria nzito, upate moto haswa, tupia punje tano, zikianza kuruka na kupasuka uko tayari. Weka shayiri kidogokidogo, koroga bila kuacha, mchanga unaizunguka punje yote ndo maana inaiva sawasawa, ikinukia na kuwa kahawia mimina kwenye chekecheke haraka mchanga ushuke. Pepeta tena, tafuna chache, meno yakisikia mchanga rudia.

Ikipoa peleka mashine, waombe wasafishe kwanza usije ukachanganyiwa na dona.

Kula sasa: Watibet wanaweka chai ya siagi na chumvi, mi natumia chai ya maziwa ya moto na kijiko cha samli, unakanda kwa vidole kwenye bakuli mpaka inakuwa tonge. Mwenye shida ya gluteni asiguse, shayiri inayo. Unga weka kwenye kopo lenye mfuniko, mi nasaga wa wiki mbili tu, ukikaa sana ile harufu tamu inapotea.