Jinsi ya Kupima Haki ya Ratiba ya Ligi: Mapumziko, Safari na Viporo

Kila ratiba ya ligi inapotoka, mjadala wa kwanza huwa ni kilomita. Klabu ya pembezoni inalalamika kwamba itaumia barabarani msimu mzima, klabu ya jiji kubwa inajibu kwamba nayo itasafiri, na hakuna anayemshawishi mwenzake. Mjadala huo hauishi kwa sababu sehemu kubwa ya kilomita haimo mikononi mwa mpanga ratiba. Imeamuliwa na ramani. Anachoweza kukigusa ni hali ya timu mbili siku zinapokutana: nani kapumzika, nani katoka safarini juzi, nani ana mechi mkononi na nani kamaliza zake. Huko ndiko haki ya ratiba inakopatikana au kupotea, na mtu yeyote mwenye lahajedwali na subira anaweza kuipima.

Nitakupitisha kwenye ukaguzi ninaoufanya mimi. Nitatumia ligi ya timu 16, nyumbani na ugenini: raundi 30, mechi 240.

Hatua ya 1: Andika ratiba kwa jicho la timu

Ratiba ya kawaida ina mstari mmoja kwa kila mechi. Wewe unahitaji mstari mmoja kwa kila timu katika kila mechi, yaani mistari 480. Safu ziwe hizi: timu, mpinzani, tarehe, saa ya kuanza, nyumbani au ugenini, na uwanja utakaotumika kweli. Usidhani uwanja ni uleule wa kila siku. Klabu iliyofungiwa uwanja au inayosubiri ukarabati itahamia kwingine, na hapo wapinzani wa mwanzo na wale wa baadaye hawakutani na ugenini ule ule.

Kisha ongeza mechi zote za mashindano mengine: kombe la ndani, mashindano ya klabu ya bara, na hata zile zilizopangwa wiki za mapumziko ya timu za taifa. Wengi wanaruka hapa, na ndiyo maana hesabu zao huonyesha ratiba safi ambayo wachezaji hawaitambui. Mguu wa mchezaji hauchagui mechi ya kombe na mechi ya ligi. Ukimaliza, panga mistari kwa timu, halafu kwa tarehe.

Hatua ya 2: Hesabu mapumziko, kisha hesabu tofauti

Mapumziko ya timu ni muda kati ya mwisho wa mechi iliyopita na mwanzo wa inayofuata. Hesabu kwa saa, si kwa siku. Mechi ya Jumatano iliyoisha saa nne usiku na ya Jumamosi inayoanza saa kumi jioni zinaonekana kuwa na siku tatu kati yake, lakini ni saa 66 tu. Wataalamu wa tiba ya michezo hutumia saa 72 kama kiwango cha chini cha misuli kurudi katika hali yake, kwa hiyo saa hizo sita zilizopungua zina uzito. Weka alama kwenye kila mstari ulio chini ya 72.

Ila namba hiyo peke yake haisemi lolote kuhusu haki. Timu mbili zilizochoka sawasawa zinacheza mechi ya haki, hata kama haitakuwa nzuri kutazama. Kinachohitajika ni tofauti: mapumziko ya timu toa mapumziko ya mpinzani wake siku hiyo. Timu yenye saa 66 ikikutana na iliyokaa wiki nzima, inaanza na upungufu wa zaidi ya saa 90. Kwa kila timu, hesabu mechi ambazo ilizidi kwa saa 48 au zaidi, toa mechi ambazo ilipungukiwa kwa kiasi hicho hicho. Ukijumlisha majibu ya timu zote lazima upate sifuri, maana pungufu ya mmoja ni ziada ya mwingine. Usipopata sifuri, kuna mechi umeiacha au tarehe umeiandika vibaya, na usiendelee mpaka uipate.

Timu yenye hasi sita na iliyo na chanya sita hazichezi ligi moja. Angalia pia hasi hizo zimeangukia wapi. Kupungukiwa mapumziko dhidi ya timu unayopigana nayo kuepuka kushuka daraja kunauma kuliko kupungukiwa dhidi ya bingwa ambaye angekufunga vyovyote vile.

Hatua ya 3: Pima safari kwa saa, ya kwenda na ya kurudi

Chukua mfano mdogo. Timu tatu ziko jiji moja, ya nne iko kilomita 900 kutoka hapo. Kila timu ya jiji inasafiri mara moja: kilomita 1,800 kwenda na kurudi. Timu ya nne inasafiri mara tatu: kilomita 5,400. Hakuna mpangilio wa tarehe utakaobadili hilo, labda iunganishe mechi mbili za jijini katika safari moja, na hapo itashuka hadi 3,600. Klabu ya Luch-Energiya ya Vladivostok ilicheza ligi kuu ya Urusi kuanzia 2006 hadi 2008, umbali wa takriban kilomita 6,400 kwa ndege kutoka Moscow na saa saba za tofauti ya majira. Wapinzani walikwenda huko mara moja kwa msimu. Wenyewe walitoka mara 15. Katika ligi ya Australia, Perth na Wellington zimetenganishwa na zaidi ya kilomita 5,200, na ziko nchi mbili tofauti. Ratiba haiwezi kuomba radhi kwa ajili ya ramani.

Inachoweza ni kutokuongeza mzigo. Tengeneza jedwali la muda wa safari kutoka kila uwanja hadi kila uwanja, mlango kwa mlango: basi, kivuko, kusubiri ndege, kuunganisha. Kilomita 400 za barabara mbovu zinachosha kuliko 1,000 za ndege. Kisha kwa kila mstari jibu maswali mawili: timu ilitoka wapi, na ilifika lini? Mara nyingi haikutoka nyumbani. Timu iliyocheza ugenini Jumatano ikarudi Alhamisi jioni, halafu ikapokea mgeni Jumamosi, inahesabiwa kuwa na faida ya nyumbani ilhali imebakiwa na siku moja tu ya mazoezi. Safari ya kurudi ndiyo inayosahaulika zaidi. Ninaipa safu yake peke yake, naitoa kwenye saa za mapumziko, kisha narudia hesabu ya Hatua ya 2. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote utakayopeleka mezani.

Hatua ya 4: Tazama mfululizo wa nyumbani na ugenini

Kila timu ingependa kupishanisha: nyumbani, ugenini, nyumbani, ugenini. Haiwezekani kwa wote. Mipangilio ya kupishana bila kukosa ni miwili tu, wa kuanzia nyumbani na wa kuanzia ugenini, na timu mbili zenye mpangilio uleule haziwezi kukutana kamwe, kwa kuwa siku zote zitakuwa zote nyumbani au zote ugenini. Kwa hiyo ni timu mbili tu zinazoweza kupishana duru nzima. Nyingine 14 lazima kila moja iwe walau na sehemu moja ya kucheza mara mbili mfululizo nyumbani au ugenini. Duru ya pili ikiwa kioo cha ya kwanza (mechi zilezile kwa mpangilio uleule, ila mwenyeji na mgeni wamebadilishana), kila moja ya hizo 14 inapata tatu kwa msimu, jumla 42.

Fahamu namba hizo kabla ya kulalamika. Mechi mbili mfululizo ugenini si uonevu. Tatu mfululizo zinahitaji maelezo. Kufungua au kufunga msimu kwa mbili ugenini naona kuepukwe kabisa, kwa sababu hakuna raundi nyingine ya kufidia.

Hatua ya 5: Mpinzani wako ametoka kucheza na nani?

Njia inayotumika sana kupanga ligi ni ya mduara: timu moja inakaa palepale, nyingine 15 zinasogea nafasi moja kila raundi. Ni njia rahisi na haikosei kukutanisha kila mtu na kila mtu. Ina dosari moja ambayo macho hayaioni. Wapinzani wanakuja kwa mpangilio uleule, kiasi kwamba timu iliyokaa jirani na bingwa upande mmoja itapokea, karibu kila wiki, timu iliyotoka kupambana na bingwa wiki iliyotangulia: imechoka, ina kadi, wakati mwingine na majeruhi. Duru ya pili ikiwa kioo, bahati hiyo inajirudia.

Kwenye lahajedwali, ongeza safu ya "mpinzani wa mwisho wa mpinzani". Hesabu kila jina linatokea mara ngapi kwa kila timu. Kwa timu 8 au 16, wanahisabati walishaonyesha tangu 1980 kwamba inawezekana kusawazisha jambo hili kikamilifu, ingawa mpangilio huo hugongana na mahitaji mengine kama timu mbili zinazotumia uwanja mmoja. Mimi sidai ukamilifu. Nadai kwamba namba za kwenye mduara zigawiwe kwa kura ya wazi mbele ya klabu zote, na kwamba pasiwe na timu inayotanguliwa na klabu kubwa ileile kwa zaidi ya nusu ya msimu.

Hatua ya 6: Kagua safari za kuunganisha

Klabu mbili za mkoa mmoja wa mbali zikipokea wageni Jumamosi na Jumatano, mgeni anaokoa safari nzima. Ni jambo jema, na watafiti Easton, Nemhauser na Trick waliligeuza kuwa tatizo rasmi la hesabu mwaka 2001: kupunguza jumla ya safari za timu zote bila kuzilundikia mechi nyingi za ugenini mfululizo. Swali lako wewe ni jepesi zaidi: nani amepewa nafasi hiyo? Orodhesha timu zilizounganishiwa na ambazo hazikuunganishiwa. Ikiwa timu 9 zimefika huko mara moja na 5 zimefika mara mbili, bodi ieleze kigezo ilichotumia. Na klabu za mbali zenyewe, ambazo ndizo zinazosafiri zaidi, ziwe za kwanza kuunganishiwa.

Hatua ya 7: Viporo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu ratiba nzuri huharibikia hapa. Mechi ikiahirishwa, yaani ikiwa kiporo, haiendi tu tarehe nyingine. Inakuwa mechi nyingine. Dirisha dogo la usajili likipita katikati, mpinzani ana washambuliaji wapya. Aliyekuwa amefungiwa kwa kadi amerudi. Timu iliyokuwa imepoa imeshika moto. Na kubwa zaidi, mwenye viporo vitatu anajua pointi anazohitaji, wakati wenzake walicheza bila kujua.

Kuahirisha hakukwepeki. Klabu inayowakilisha nchi kwenye mashindano ya bara inastahili nafuu, na mvua haiombi ruhusa. Lakini nafuu ya mmoja isilipwe na mwingine. Ongeza safu mbili: tarehe ya awali na tarehe ya mwisho. Kisha tafuta mambo manne. Timu ipi imekuwa na viporo vingi kwa wakati mmoja? Ni vingapi vilivuka dirisha la usajili? Ni nani aliyeomba kila ahirisho? Na mpinzani asiyeomba, mapumziko yake kabla ya tarehe mpya yalikuwa saa ngapi? Swali la mwisho hufichua mengi. Mara nyingi kiporo kinachomekwa katikati ya wiki ya klabu ndogo ambayo haikuwa na shughuli yoyote na kuahirishwa huko, nayo inaburuzwa kwenye saa 66 zake.

Kanuni ninazozipendekeza ni fupi: pasiwe na zaidi ya viporo viwili kwa timu kwa wakati mmoja, kila kiporo cha duru ya kwanza kichezwe kabla ya dirisha dogo kufunguliwa, asiyeomba ahakikishiwe saa 72 na awe na kauli juu ya tarehe mpya, na viporo vyote viishe kabla ya raundi nne za mwisho.

Hatua ya 8: Raundi za mwisho kwa saa moja

Tarehe 25 Juni 1982, kwenye Kombe la Dunia, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0, matokeo yaliyozivusha zote mbili na kuitoa Algeria, iliyokuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa wakati mmoja. Kwenye ligi, angalia raundi mbili za mwisho: mechi zote zinazogusa ubingwa, nafasi za kimataifa na kushuka daraja zianze saa ileile, hata kama televisheni ingependa kuzitawanya.

Hatua ya 9: Peleka hesabu kabla ya msimu

Ukipeleka malalamiko katikati ya msimu, utasikika kama mtu aliyefungwa. Peleka kwenye rasimu, ukiwa na karatasi moja: jedwali la timu zote 16 (si yako pekee) lenye safu ya tofauti ya mapumziko, mechi chini ya saa 72, mfululizo mrefu zaidi ugenini, na safari zilizounganishwa. Timu yako ikiwa na chanya, iache ionekane. Ukiificha hutaaminiwa kwenye hasi. Chagua mechi tatu au nne tu za kubadilishwa, na kwa kila moja pendekeza tarehe mbadala uliyokwisha kuipitisha kwenye lahajedwali, ili bodi isije ikakutibu kwa kumuumiza jirani yako. Kisha omba viwango viandikwe kwenye kanuni za ligi: tofauti inayoruhusiwa, kikomo cha viporo, utaratibu wa kura. Lahajedwali lenyewe lihuishwe kila ahirisho linapotangazwa, siku hiyohiyo, na litumwe kwa klabu zote.