Nauli nafuu inaanzia Nairobi? Pima begi kwanza

Ukiwa Dar ukakuta nauli ya Ulaya au Marekani ni nafuu ikianzia Nairobi, usipige hesabu ya nauli peke yake. Mzigo ndio unaouma. Safari ndefu inaweza kukuruhusu mabegi mawili ya kilo 23, lakini Dar–Nairobi ni tiketi nyingine yenye masharti yake. Ikiruhusu begi moja, lipia la pili mapema mtandaoni. Bei ya kaunta haina huruma.

Tiketi zikiwa mbili, usitegemee begi lipite moja kwa moja. Soma lebo wanayobandika: ikiandikwa NBO (yaani begi linaishia Nairobi), utapita uhamiaji pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, usubiri begi kwenye mkanda, kisha upange foleni upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Mimi ningelala Nairobi usiku mmoja. Na usije ukaacha kipande cha kwanza cha tiketi ili upandie mbele ya safari; kilichobaki kwa kawaida hufutwa chote.

Wa Arusha mna nafuu yenu: basi la kupitia Namanga, ambako begi la ziada ni maelewano na kondakta.