Kujibu maswali ya usaili ukiwa na ADHD: ninavyofanya mimi

Wiki hii nimekuwa nikimfanyisha mazoezi mdogo wangu anayesubiri usaili wa mahojiano, kazi ya mhasibu msaidizi. Ana ADHD kama mimi, yaani hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutuliza akili kwenye jambo moja. Majibu anayo, ila swali lenyewe humponyoka: akifika katikati hakumbuki aliulizwa nini, basi anaongea tu mpaka jopo linaanza kutazama saa. Mambo ya tai na kusalimia utayasoma kwingine.

Hatua ya 1: Andaa visa vitano

Visa vya kweli, vya kazini, vya mafunzo kwa vitendo, hata vya kutunza hesabu za kikoba. Kimoja cha mteja mkali, kimoja cha kosa uliloligundua, kimoja cha mwenzako msumbufu, kimoja cha kazi ya haraka, kimoja cha kitu ulichojifunza mwenyewe. Kila kisa kipe jina la neno moja. Usikariri sentensi, maana ikikutoka moja zinaondoka zote.

Hatua ya 2: Bahasha

Vyeti halisi, kitambulisho, karatasi, kalamu. Ifunge usiku wa kuamkia usaili, iweke mlangoni.

Hatua ya 3: Liandike swali

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea. Wasaili wanapenda swali lenye mikia: "Tueleze kuhusu mteja aliyekukasirikia, ulifanya nini, na leo ungefanya nini tofauti?" Kichwa chenye ADHD kinadaka "mteja" na kuanza mbio. Ukishakaa, sema: "Naomba ruhusa niwe naandika maswali, nisije nikaacha sehemu." Sijaona anayechukizwa na ombi hilo.

Andika maneno matatu tu: *mteja – nilifanya – tofauti*. Ukiandika swali zima utakosa nusu yake. Pembeni weka jina la kisa, mfano "saruji" (kisa chenyewe kiko Hatua ya 4), kisha ndiyo ufungue mdomo. Ukimya wa sekunde tano unakuuma wewe kuliko wao.

Tahadhari kadhaa. Simu isitumike kuandikia hata kidogo. Ujumbe mmoja ukiingia umekwisha. Kalamu iwe ya kifuniko, ile ya kubonyeza utaibonyeza mpaka mwenyekiti akutazame. Wakikukatalia karatasi, tumia vidole chini ya meza, kidole kimoja kwa kila sehemu, na usikiachie mpaka umeijibu. Usaili ukiwa wa mtandaoni, bandika karatasi karibu na kamera na ufiche picha yako mwenyewe kwenye skrini. Sehemu ikikupotea kabisa: "Samahani, naomba nirudiwe sehemu ya mwisho ya swali." Omba mapema, kabla hujazunguka.

Hatua ya 4: Jibu, halafu funga

Wanaofundisha usaili hutaja hatua nne: hali, jukumu, ulichofanya, matokeo. Kwangu nne ni nyingi, natumia tatu: tatizo, nilichofanya, matokeo.

"Mteja alitozwa mara mbili mifuko kumi ya saruji, akaja juu. Nilimkalisha, nikalinganisha risiti na daftari la mauzo mbele yake, nikampeleka kwa meneja arudishiwe. Matokeo yake, alirudishiwa siku hiyohiyo. Leo ningelinganisha risiti kila jioni, nisisubiri mteja alalamike."

Neno "matokeo" ndilo breki yako. Baada yake malizia sehemu iliyobaki kwenye karatasi, unyamaze. Ukijisikia unasema "halafu pia", ujue umeshapitiliza.

Hatua ya 5: Kuitaja ADHD au la

Mimi siitaji mbele ya jopo. Naomba ninachohitaji bila kueleza sababu. Walio Uingereza wana njia nyingine: Sheria ya Usawa ya 2010 inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa kwa mwombaji mwenye ulemavu, na ADHD inaweza kuingia humo. Andika barua pepe mapema uombe kupewa maswali yakiwa yameandikwa.

Hatua ya 6: Mazoezi kwa sauti

Tafuta mtu wa kukukatiza. Kioo hakikatizi. Akuulize maswali yenye mikia, na ukipita dakika mbili agonge meza.