Kabla hajakuambia ule nini, sikiliza anakuuliza nini

Mimi ni mfamasia. Lishe si fani yangu, lakini watu wengi wakitoka kwa mshauri wa lishe hupitia kwangu, karatasi mkononi, wakitaka kununua walichoandikiwa. Karatasi nyingine nikizisoma nafurahi: chakula kimepangwa kulingana na ugonjwa wa mtu, dawa zake zimezingatiwa, na siku ya kurudi imeandikwa. Nyingine ni orodha ya chupa za virutubisho tu, chakula hakimo kabisa. Aliyeandika ile ya kwanza na aliyeandika hii ya pili wote wanaitwa wataalamu wa lishe, na mgonjwa hawezi kuwatofautisha kwa koti jeupe wala kwa cheti kilichotundikwa ukutani. Njia za kuwatofautisha zipo, ila ni vizuri uzijue kabla hujalipa.

Anza na usajili, na uhakiki mwenyewe

Cheo cha mtaalamu wa lishe hakina uzito mmoja kila mahali. Uingereza, kwa mfano, sheria inamlinda mtaalamu wa lishe tiba, yule anayehudumia wagonjwa: ni lazima awe amesajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia taaluma za afya, na asiyesajiliwa akijiita hivyo anatenda kosa. Lakini kwa anayejiita mtaalamu wa lishe tu, sheria hiyo haimgusi. Yeyote anaweza kujiandika hivyo mlangoni. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 iliyounda taasisi ya KNDI, na hiyo ndiyo inayosajili na kutoa leseni. Marekani, tangu Januari 2024, anayetaka kufanya mtihani wa usajili wa wataalamu wa lishe tiba lazima awe na shahada ya uzamili, na awe amefanya mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi kwa saa zisizopungua 1,000. Mimi saa hizo naziheshimu kuliko hata shahada, maana hapo ndipo mtu anapojifunza kumpangia chakula mgonjwa anayetapika, au mwenye figo zilizochoka, huku mkubwa wake akimsahihisha.

Kwa hiyo mwombe vitu vitatu: jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, namba ya usajili, na jina la chombo kilichomsajili. Kisha fungua mwenyewe orodha ya chombo hicho, au wapigie simu. Picha ya cheti uliyotumiwa kwenye simu haitoshi. Unapolipata jina lake, tazama kama leseni bado iko hai na amesajiliwa katika daraja gani, kwa sababu kuna anayeruhusiwa kuendesha programu za lishe za jamii lakini hana mafunzo ya kutibu kwa lishe. Mtaalamu halisi hachukii kuulizwa. Wengi namba yao wameiandika kwenye karatasi zao za kliniki, hutaihangaikia.

Kama unapoishi hakuna orodha rasmi, uliza alisoma nini, chuo gani, kwa miaka mingapi, na mafunzo ya vitendo alifanyia hospitali ipi. Halafu kipigie chuo simu. Uanachama wa chama usikutishe, kwani vyama vingine huuza kadi kwa yeyote mwenye ada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari na mwandishi wa Uingereza, Ben Goldacre, aliomba uanachama wa chama kimoja cha washauri wa lishe cha Marekani kwa jina la paka wake, na paka huyo alikuwa amekwisha kufa. Alilipa, akatumiwa cheti chenye jina la paka. Tangu nilipokisoma kisa hicho, cheti cha ukutani hakinitoshi.

Na neno "Dokta" likitangulia jina la mtu, uliza ni udaktari wa nini. Hata daktari wa hospitali, ambaye namheshimu sana, mara nyingi lishe aliisoma kwa vipindi vichache.

Maswali yake ndiyo yatakayokuonyesha

Usajili unakuambia kwamba mtu alisoma. Haukuambii kama atakusikiliza. Hilo utaliona siku ya kwanza, na hapa nakuomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mtaalamu mzuri anauliza muda mrefu kabla hajashauri lolote. Atauliza una ugonjwa gani na uligunduliwa lini. Atataka kuona majibu ya vipimo, uzito wako wa sasa na wa miezi iliyopita, na kama umepungua bila kukusudia. Atakuomba umsimulie kila ulichokula na kunywa jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, na atarudi nyuma: kijiko kilikuwa kikubwa au kidogo? Chai ilikuwa na sukari? Ulionja chochote ukipika? Atauliza nani anapika nyumbani, unafanya kazi za zamu au la, unafunga, una uwezo gani wa kununua. Mpango wa chakula usiojua hali ya mfuko wako hautafika hata mwisho wa mwezi.

Halafu dawa. Swali la dawa asipouliza, mimi ningesimama nikaondoka.

Chukua anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo. Vitamini K iliyo kwa wingi kwenye mboga za majani ya kijani kibichi inapingana na kazi ya dawa hiyo. Akiambiwa ghafla anywe juisi ya mboga hizo asubuhi na jioni, dawa inapungua nguvu na damu inaweza kuganda mahali pabaya. Akiambiwa aache mboga kabisa, dawa inazidi nguvu naye anaweza kuvuja damu. Mtaalamu anayejua kazi yake hamkatazi mboga. Anamwambia ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na kama kuna mabadiliko makubwa, kliniki ijulishwe ili ipime damu.

Au mwenye kisukari anayejidunga insulini. Akipunguziwa wanga kwa mkupuo na dozi ikabaki ileile, sukari inaporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Anayetumia metformini, vidonge vya kisukari, kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12, na mtaalamu mwangalifu atauliza ilipimwa lini. Mwenye ugonjwa wa figo akishauriwa atumie chumvi mbadala "kwa ajili ya presha", huenda anapewa potasiamu ambayo figo zake haziwezi kuitoa, na potasiamu ikizidi hugusa mapigo ya moyo. Vidonge vya homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni, navyo havipatani na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Vinatakiwa kupishana kwa saa kama nne. Haya si mambo ya ajabu, ni ya kila siku. Lakini hakuna anayeweza kuyakwepa kama hajauliza.

Mzee mmoja alikuja kwangu na mfuko wa virutubisho alivyouziwa na huyohuyo aliyempangia chakula. Nilivipanga mezani nikaanza kugeuza chupa mojamoja nisome nyuma. Kwa mbele moja ilisema ni ya macho, nyingine ya ngozi, nyingine ya kinga ya mwili. Kwa nyuma zote tatu zilikuwa na vitamini A, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha mikrogramu 3,000 za vitamini hiyo ya vidonge kwa siku. Ya nne ilikuwa na vitamini K. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hospitali wanakupa dawa gani?" Akatoa kadi ya kliniki mfukoni: warfarini. "Mwanangu," akasema, "yule hakuniuliza habari za hospitali." Nilipiga simu kliniki nikiwa naye palepale, wakamwita siku hiyohiyo apimwe damu.

Anayekupima asiwe ndiye anayekuuzia

Simaanishi kwamba kila anayeuza ni tapeli. Nasema pesa inapinda hukumu ya mtu hata akiwa na nia njema, na mimi ninayeuza dawa nalijua hilo. Akipendekeza kirutubisho, muulize: ni kipimo gani kimeonyesha ninapungukiwa? Nitumie mpaka lini? Naweza kukinunua kwingine? Majibu ya kweli yapo. Mwanamke anayepanga kupata mimba hushauriwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku mpaka wiki ya 12 ya ujauzito. Asiyekula chochote kitokanacho na wanyama anahitaji B12. Mwenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, uliothibitishwa kwa kipimo, atapewa madini hayo. Ukisikia jibu la namna hiyo, lenye sababu na mwisho, una haki ya kutulia. Ukisikia "hii ni ya kila mtu, endelea nayo tu", shika mkoba wako.

Vipimo navyo vinauzwa. Kuna kipimo cha damu cha IgG, aina ya kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, kinachotoa orodha ndefu ya vyakula ambavyo eti mwili wako unavikataa. Mwaka 2008 chama cha wataalamu wa mzio cha Ulaya kilitoa msimamo kwamba kipimo cha aina hiyo kisitumike kutambua mzio wa chakula wala mwili kutopatana nacho. Kingamwili hizo kwa kawaida zinaonyesha tu kwamba chakula hicho umekwisha kukila. Nimeona mama amemwondolea mtoto maziwa, mayai na ngano kwa sababu ya karatasi hiyo, na mtoto amekonda. Kupima nywele au kusoma mboni ya jicho ili kujua upungufu wa vitamini ni vilevile, usitoe pesa yako.

Hapohapo kuna jambo moja linalonionyesha mtu anayejua. Ukimwambia ngano inakusumbua tumbo, hatakimbilia kukukataza. Atakuambia usiiache kwanza, upimwe ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili hudhuru utumbo kwa sababu ya protini ya ngano, ukiwa bado unaila, kwa sababu ukiiacha kipimo kinaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao.

Ahadi za kukimbia

Akisema acha dawa za hospitali, mazungumzo yameisha. Mtaalamu wa lishe hana mamlaka ya kukuachisha dawa. Akiona hali yako imekuwa nzuri anamwandikia daktari wako, dozi ipunguzwe kwa utaratibu.

Akikuahidi kilo nyingi kwa wiki, kumbuka kwamba mwendo salama kwa watu wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kinachopungua kwa haraka siku za mwanzo sehemu kubwa ni maji. Akizungumzia kusafisha sumu, muulize sumu gani, ataipimaje kabla na baada. Kazi hiyo inafanywa na ini na figo usiku na mchana. Picha za watu kabla na baada hazina lolote la kukuambia kuhusu mwili wako.

Anayekufaa wewe

Mtu anaweza kuwa hodari kwa wanamichezo na asiwe wa kumkabidhi mgonjwa wa figo. Muulize waziwazi: unahudumia mara ngapi watu wenye hali kama yangu? Ukipata jibu, "Hali yako inahitaji mwenzangu aliyebobea huko, nitakuandikia barua," usivunjike moyo; huyo umeshamjua ni mwaminifu. Kwa mtoto, angalia kama ametoa chati ya ukuaji akaweka alama ya uzito na urefu kabla hajasema neno. Anayempa mtoto mpango wa kupunguza uzito kwa kumtazama tu, mwondoe mtoto wako hapo. Kwa aliye na tatizo la kujinyima chakula au kula na kujitapisha, tafuta anayefanya kazi bega kwa bega na daktari na mshauri wa afya ya akili.

Bei ulizia mapema, na usilipie miezi mingi kwa mkupuo. Kama mnaonana kwa simu au kwa video, masharti ni haya haya.

Wewe nawe jiandae

Beba dawa zako zote kwenye mfuko, na maboksi yake, si majina ya kukumbuka kichwani. Beba majibu ya vipimo. Andika unachokula kwa siku tatu, mojawapo iwe ya mapumziko, maana siku hizo tunakula tofauti. Na mitishamba itaje, hata kama unaona haya: mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tunaokuhudumia hatukuhukumu, tunatafuta kisichopatana na nini.

Kabla hujaondoka, uwe umejua kitakachopimwa kuonyesha kama mpango unafanya kazi, na lini. Kwa kisukari kipimo cha HbA1c kinaeleza wastani wa sukari wa miezi kama mitatu iliyopita, kwa hiyo kukirudia baada ya wiki mbili kukuonyesha mafanikio hakuna maana. Ukirudi na matokeo si mazuri, msikilize. Aliye mzuri atauliza wapi mpango ulikushinda, kisha aubadilishe. Asiye mzuri atasema huna nidhamu.

Na kama tayari uko kwa mtu ambaye unaposoma haya unamtilia shaka, usiache dawa yoyote ya hospitali wala usianze nyingine. Nenda kwa daktari au mfamasia wako na chupa zote ulizouziwa. Tunza karatasi alizokuandikia, risiti na ujumbe wa simu, usifute hata mmoja. Chombo kinachosajili wataalamu hupokea malalamiko, na kitataka kuviona.