Kubadilisha kraunwili na pinioni ya difu ya nyuma, Land Cruiser ya zamani

Hesabu meno kwanza. Kraunwili (gia kubwa ya duara ndani ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli) ya meno 37 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 9 ni uwiano wa 4.11, na difu ya mbele lazima iwe na uwiano huo huo. Zikitofautiana, ukitia foo-wili kwenye lami utavunja gia. Nunua seti kamili. Usioanishe mpya na kuukuu.

Pandisha gari kwenye stendi, mwaga oili, fungua propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu). Hafushafti (shafti za kutoka difu hadi magurudumu) zikishikwa na washa za koni, gonga flanji kwa nyundo kando ya stadi mpaka ziruke. Usizichokoe kwa bisibisi. Vuta hafushafti zote mbili, kisha toa difu. Ni nzito, tafuta mwenzako.

Kazi yenyewe ni shimu, yaani washa nyembamba za kurekebisha nafasi ya gia. Pima mchezo wa meno (nafasi kati ya meno ya gia mbili) kwa saa ya kupimia: milimita 0.15 hadi 0.20. Paka meno rangi, zungusha. Alama ikikaa chini kwenye shina la jino, weka shimu nyembamba ya pinioni. Ikikaa juu nchani, weka nene. Ukilipua kazi hapa, difu italia ukiendesha.

Jaza oili ya GL-5, 80W-90. Ukiwa Mombasa, zibua pia bomba la kupumulia la ekseli: likiziba, ekseli yenye moto ikiingia maji ya bahari huyafyonza kupitia sili, na oili hugeuka rangi ya maziwa.